Miche Kumi na Minne ya Odeta

Odeta Shimba aliajiriwa kwenye kitalu cha miti cha serikali, nje kidogo ya Mwanza, akiwa na mimba ya Selina, mwanawe wa kwanza. Miaka ikapita akijaza udongo kwenye viriba na kubeba ndoo za maji, mpaka mgongo ukawa haunyooki vizuri.

Mbegu za mkaratusi ni ndogo kama ugoro. Ukizimwaga, wiki haiishi kitalu ni kijani. Miche ikikosa maji siku mbili, inakufa yote. Mninga una tabia nyingine. Mbegu yake huitoi kwenye ganda bila kisu, na mche ukishaota, kila kiangazi shina hukauka hadi chini. Haujafa, unakuza mzizi kwanza. Unaweza kukaa hivyo miaka saba au zaidi kabla ya kuanza kurefuka.

Mwaka 1992 ofisi iliagiza kitalu kijitegemee kwa kuuza miche. Msimamizi mpya, Pius, kijana aliyetoka chuoni, alisimama mbele ya viriba vya mninga. Ulikuwa mwezi wa nane.

"Mama Selina, hii imekufa. Mwaga, tuweke mikaratusi."

"Haijafa, Bwana Pius. Chimbua mmoja uone mzizi."

"Mteja hanunui mzizi, mama."

Hakusema kwa ubaya. Odeta akabeba miche kumi na minne kwa beseni hadi kwake Igoma, akaipanda nyuma ya nyumba. Kila masika ilitoa majani machache, kila kiangazi ikakauka. Mumewe, Maige, aliyekuwa akishusha samaki kwenye mwalo wa Kirumba, alimwuliza mara moja tu:

"Hivi vijiti unavitunza vya nini?"

"Hata sijui," alijibu, na ilikuwa kweli.

Mwaka 1995 orodha ya waliopunguzwa kazi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kitalu. Jina la Odeta lilikuwa la pili. Akaanzisha kitalu chake kando ya barabara ya Musoma: mikaratusi na mijohoro, kwa sababu watu walitaka nguzo za haraka. Mbuzi na majembe ya majirani vilimaliza mininga tisa. Mvua kubwa za mwaka 1998 zikaozesha miwili.

Septemba ya mwaka huo, shina moja kati ya matatu yaliyobaki lilikuwa bado na majani. Odeta alilikwaruza kwa ukucha. Likatoa utomvu mwekundu.

"Huu haukauki tena," alimwambia Selina, aliyekuwa anafua.

"Mbao tutapasua lini, mama?"

"Labda wajukuu zako."

Akaomba kigoda, akakaa. Magoti yalikuwa yanamuuma, na kule barabarani miche ilikuwa haijamwagiliwa.