Shetani Aliyeruka Watoto

Sijamsamehe katekista wetu, wala sina mpango huo. Mgeni wetu kutoka Murongo alimruka mwanangu mchanga aliyelala mkekani. Kwetu Karagwe ukimruka mtoto lazima urudi umruke tena, la sivyo anadumaa, kwa hiyo mama akamwambia mgeni arudi. Katekista aliposikia akasema huo ni ushirikina, akamfukuza mama kwenye kwaya.

Mwaka huu, baada ya misa, padre mgeni kutoka Hispania alituonyesha video ya kijijini kwao. Ilikuwa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na mwanamume aliyevaa kama shetani, nguo za njano na nyekundu, alikuwa anawaruka watoto wachanga waliolazwa kwenye godoro barabarani, eti awaondolee mabaya. Katekista ndiye aliyetangulia kupiga makofi.

“Hayo ndiyo mapokeo ya imani,” alisema, kwa mdomo uleule.

Nilitaka kumtukana hapohapo mbele ya padre. Mama alinishika mkono, akasimama.

“Katekista,” aliuliza kwa upole, “huyo shetani anaimba kwaya gani? Nami nikaombe nafasi.”