Mkunga na Kivumbasi Chake

Mkunga wa kijiji chetu cha ujamaa, huku Biharamulo, hakuwahi kuchuma jani bila kulisugua kiganjani na kulinusa, lisilonukia alilitupa. Vidole vyake vilinukia kivumbasi hata kanisani. Mwaka ule wa vita, dawa za zahanati zilikwenda kwa askari, naye akawa anawafukiza watoto wenye kikohozi kwa majani ya bustani yake.

Asubuhi moja katibu wa kijiji akaing'oa bustani yote. "Mama, kijiji cha ujamaa hakilei magugu."

Mkunga akaponda jani, akamsogezea puani. "Nusa! Mtoto wa jirani yangu Kwandu akikosa pumzi leo, nimfukize kwa hotuba yako?"

Mkunga akapiga magoti mbele ya viatu vya katibu, akairudisha mizizi udongoni mmoja mmoja. Hakuna aliyeigusa tena.