Salamu za Boksi la Friji

Chekechea yetu ya Bunju haina kompyuta hata moja, na somo la kompyuta nalifundisha mimi. Nilitafuta boksi la friji, nikalitoboa tundu la kutolea uso, nikamwingiza humo binti wa miaka sita. Huyo ndiye aliyekuwa akili mnemba yetu. Nikamwonyesha picha nilizokata kwenye kalenda kuukuu, nikimfundisha salamu ya kila mmoja: bibi mwenye miwani, shikamoo, mtoto mwenye mpira, mambo, mzee wa kanzu, shikamoo. Nikawaambia watoto kwamba mashine haijui adabu, inaiga tu kile inachokiona mara kwa mara. Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Picha zilipokwisha, mama anayetupikia uji akaingia na ndoo yake. Watoto wakataka naye apimwe. Nikamwomba asimame mbele ya tundu. Akasimama huku anatabasamu, akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mambo," likasema boksi.

Kifungua mimba wa mama huyu ananizidi mimi umri. Nikacheka, nikawauliza watoto mashine imekosea wapi. Hawakuona kosa. Binti akatoa kichwa tunduni akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mtoto mwenzake.

"Mwalimu, we humwamkiagi. Unamuulizaga tu, uji tayari?"

Uso ukanishuka. Nimelelewa Temeke, kwenye nyumba ambayo ukimpita mkubwa kimya unarudishwa mlangoni uanze upya. Lini niliacha, sijui. Labda siku ile nilipokabidhiwa mimi ufunguo wa ofisi, naye akakabidhiwa jiko. Boksi halikukosea hata kidogo, mkosaji nilikuwa mimi. Mama alisikia yote. Aliinama akaanza kugawa uji, na mimi niliona haya hata kukinga kikombe changu.

Jumamosi na Jumapili jambo hilo lilinikaa rohoni. Jumatatu niliwahi kabla watoto hawajafika, nikamfuata jikoni alikokuwa anachochea kuni. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma, nikiomba moyoni anisamehe bila kunifanya nieleze.

"Shikamoo, mama."

Akageuka haraka, akachungulia nyuma yangu, akaanza kuifunga vizuri kanga yake.

"Marahaba, mwalimu. Kwani leo tuna wageni?"