Miguu Yetu na Jina la Mwalimu Walker

Sisi tuliokulia International City, mtaa wa wageni huku Uarabuni, miaka ile ya elfu mbili na kumi ndiyo inaanza, tuliijua mashine ya kufulia yenye miguu. Miguu yenyewe yangu na ya dada yangu Zuhura. Mama alikuwa akifulia watu nyumbani, na likija blanketi zito analitumbukiza kwenye bafu, anamimina maji ya moto na sabuni, kisha anaita, "Yalla, pandeni!" Tulikanyaga tukiimba mpaka povu linafika kidevuni, na jirani wa chini anagonga dari kwa fagio akidhani jengo linaanguka. Harufu ya sabuni ile ikichanganyika na maandazi jikoni, wallahi, naisikia hadi leo.

Mteja mkubwa wa mama alikuwa Mwingereza wa mtaa jirani wa Al Warqa, mwalimu, jina la ukoo wake Walker. Ndiye aliyewaleta majirani zake wote; akisusa yeye wamesusa wote, na sisi, bila ada, shule tungeiona dirishani tu. Siku moja akaleta blanketi la sufu halisi. Mama alizoea mablanketi ya kwetu Tanga, yale hata uyachemshe kama maharage hayabadiliki. Akamwaga maji ya moto kama kawaida, nasi tukakanyaga kwa moyo wote. Lilipokauka, blanketi la kufunika tembo likawa la kufunika paka, tena gumu kama jamvi.

Mama akashika kichwa. "Khalas! Mteja kaondoka huyo. We Zuhura, ulikuwa unakanyaga au unaua nyoka?"

Mwalimu alipokuja, mama alimkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole ya msiba. Mwalimu akalipapasa. Akauliza tumelifanyaje. Zuhura akaonyesha kwa miguu. Mzungu alicheka hadi akakaa chini mlangoni.

Akatueleza kwamba wengi hudhani jina lake, "mtembeaji" kwa Kiingereza, ni la watembezi tu. Kumbe zamani kwao, nguo mpya ya sufu ilitoka kwa mfumaji ikiwa legelege, na palikuwa na watu kazi yao kuikanyaga ndani ya pipa, kwenye mkojo uliochacha, mpaka ijikaze iweze kuzuia baridi. Hao wakanyagaji ndio akina Walker. Kazi ikafa, jina likabaki kwa watoto.

"Mwambie mama," akaniambia, "hawa wanawe ni ukoo wangu."

Nikatafsiri. Mama akashusha pumzi. "Mkojo? Basi sisi tuna adabu, tumetia sabuni." Nayo nikaitafsiri. Wiki iliyofuata mwalimu akarudi na furushi la mashuka, na majirani zake nyuma.

Siku hizi wajukuu wa mama ukiwaambia wakanyage blanketi, watakuuliza kitufe kiko wapi. Nami sina la kuwacheka: nabonyeza simu, kijana wa pikipiki anachukua mashati, yanarudi yamekunjwa ndani ya plastiki, hakuna hata moja lililowahi kuharibika. Lakini mwalimu Walker aliijua miguu iliyokanyaga blanketi lake, akaiita ndugu. Anayefua mashati yangu simjui hata jina.