Nimepika ugali wa muhogo kwenye sherehe ya jando, kaka yangu akanisusa mbele ya wageni

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Newala na mashahidi ni nusu ya mtaa, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi. Wenye utani wao kwamba watu wa kusini tunakula panya wakae pembeni kidogo, leo tunaongea muhogo.

Mimi ni mpishi, mama wa mtoto mmoja, Saidi.

Nimepika hotelini Masasi kwa miaka. Chipsi, biriani, kuku wa kizungu. Siku moja nikamwomba bosi tuweke ugali wa muhogo na kisamvu kwenye menyu. Alicheka mpaka akakohoa, akasema hakuna mgeni wa kulipia chakula cha njaa.

Iliniuma sana. Mama yangu alinikuza kwa makopa, muhogo wa kukausha, na njaa sikuijua.

Wakati huo akina mama wa kijiji cha Mkunya walikuwa na kikundi chao cha kurudisha vyakula vya kwetu: muhogo, mbaazi, njugu mawe, ming'oko ya kuchimba porini. Wakanihitaji niwe mpishi wao. Nikaacha hoteli, nikafungua banda la kuuza vyakula hivyo karibu na stendi ya Newala.

Wateja walikuja, ila kwa kujificha, utadhani wanafuata gongo!

Hapo nikaona tatizo lilipo. Huku kwetu chakula hakina heshima mpaka kipikwe kwenye sherehe, na asiyepika pilau siku ya sherehe ametangaza kwamba hana kitu.

Basi Saidi alipoingia jandoni likizo ya mwezi wa sita, nikatangaza: siku ya kuwatoa watoto jandoni, kwangu mchele haupandi jikoni.

Wasiotujua: kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa mtoto. Mjomba wa Saidi ni kaka yangu. Alikuja mbio kutoka Tandahimba, akaniambia nikimwaibisha nisimhesabu tena kuwa kaka. Akina mama wa kikundi nao waliingiwa na baridi, maana wageni wakisusa, kikundi kimekufa na banda langu nalo limekufa.

Nikasema napika.

Siku ikafika. Ugali mweupe wa muhogo, kisamvu cha tui la korosho, mbaazi, kuku wa kienyeji, ming'oko imerundikwa kwenye ungo. Sahani zikapangwa mikekani.

Hakuna aliyenawa.

Watu walikuwa wanamtazama kaka. Naye akasimama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama Saidi, umewaita watu waje kuiona njaa yako."

Wakuu, nilisimama. Kwa hasira, si kwa woga.

Nikamjibu, "Kaka, njaa ni kukalia muhogo wako huku unasubiri lori la mchele."

Kisha nikanawa, nikakaa mkekani katikati ya wageni, nikaanza kula peke yangu. Mpishi hali kabla ya wageni, najua. Siku ile nilikula.

Bibi mmoja wa Chilangala akavuta sahani yangu kwake, akamega. Halafu jirani yake. Baadaye hata kisamvu cha kwenye sufuria ya akiba hakikutosha, na walionung'unika sasa walinung'unikia hilo. Wapo walioondoka bila kula, sitadanganya. Kaka alikuwa wa kwanza.

Funzo langu: usingoje watu wakiheshimu chakula chako ndipo ukipike. Kipike, kaa ule mbele yao, wakutazame vizuri.

Kaka mpaka leo hajakanyaga bandani kwangu. Ila mwezi ujao anamwoza binti yake, na binti kanifuata mwenyewe, kasema, "Shangazi, utapika wewe, na upike kama siku ya Saidi."

Kaka ametuma ujumbe kwamba siku hiyo atakula kwake kabla ya kuja ukumbini. Nimemjibu sahani yake nitaiweka meza kuu, mbele ya wakwe zake.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaosema nimekosa adabu semeni, ila kwanza mniambie kwenu sherehe inapikwa nini, na kinatoka shamba la nani.