Dawa ya Tansiyo Kwenye Kilio cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifariki asubuhi, baada ya kuugua figo muda mrefu. Tulikuwa tumeishi naye nyumba moja hapa Kikula tangu niolewe. Ndiye aliyenipeleka sokoni na kunionyesha namna ya kuuza samaki wakavu, na ndiye aliyenitetea kila nilipogombana na mwanawe. Kama kuna mtu niliyepaswa kumlilia, ni yeye.

Sikulia. Wanawake walifika, wakajitupa chini uani, na wifi yangu akaita mama yake mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa mkekani, mdomo mkavu, macho makavu, moyo ukipiga polepole kama wa mtu aliyeshiba. Kibaya zaidi, nilisinzia. Niliposhtuka, kichwa changu kilikuwa begani kwa jirani, na shangazi wa mume wangu alikuwa ananitazama.

"Mukwe wake njo amekufa, yeye iko nalala," aliwaambia wenzake bila kushusha sauti.

Nilivuta kitenge nikajifunika uso, wadhani nalia.

Ningeweza kuwaeleza. Wiki chache kabla ya hapo daktari alikuwa amenipa klonidini, kwa sababu dawa nyingine zilishindwa kushusha tansiyo yangu, yaani shinikizo la damu. Alinionya kwamba italeta usingizi na kukausha mdomo, na kwamba nisiiache kamwe bila kumwona. Lakini sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mume wangu. Niliona aibu kuwa na ugonjwa niliouhesabu wa wazee, nami bado nanyonyesha. Basi nikajiamulia: nitaacha vidonge mpaka tuzike, nipate kumlilia mama kama wengine.

Siku ya maziko moyo ulianza kukimbia tukiwa bado kanisani. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka, kichwa kikagonga. Tulipofika makaburini nilikuwa sioni vizuri. Jeneza lilipoanza kushuka nilipiga kelele, nikaketi chini, machozi yakamwagika.

Shangazi yule yule alinikumbatia. "Mumuache alie," akasema. "Alimupenda sana."

Walinibeba mpaka kwenye teksibasi, wifi akanisindikiza zahanati. Muuguzi, mwanamke wa makamo, alinipima tansiyo, akapima tena mkono wa pili.

"Mama, unakunywaka dawa gani?"

Nilimtajia. Aliuliza niliimeza lini mara ya mwisho, nami nikasema kweli.

"Hii dawa inatumika mu bongo," akanieleza. "Inatuliza mishipa ya fahamu, njo maana moyo unapunguza mbio na mishipa ya damu inalegea. Ukiikata mara moja, mwili unarudia kwa nguvu. Moyo unakimbia, tansiyo inapanda kupita mwanzo. Ungeanguka na kupooza kule kule."

Alinipa tena kidonge cha dawa ile, akaniamuru nilale. Wifi alikuwa amesimama karibu na dirisha, amesikia yote. Muuguzi alipotoka, alikuja kuketi pembeni ya kitanda.

"Kwa hiyo pale kwa kaburi haukumulilia mama?"

"Sijui, wifi. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Niliogopa nakufa."

Alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua.

"Miye sitawaambia," akasema. "Lakini usinirudilie tena hayo maneno."

Nilipona. Daktari aliipunguza klonidini kidogo kidogo, huku akinianzishia dawa nyingine isiyonilaza. Mume wangu nilimweleza mwenyewe; alicheka kidogo, akasema mama yake naye angecheka. Haikunisaidia. Shangazi na wenzake waliniletea bukari, ule ugali wetu, na samaki, wakakaa wakinisifu kwamba nilitaka kumfuata mukwe wangu kaburini, nami nikala chakula chao nikiitika.

Mpaka leo sijui kama nimemlilia. Nikipanga samaki mezani kwangu sokoni huwa nangoja yale machozi, hayaji, na siwezi tena kuisingizia dawa.

Jumapili iliyopita shangazi alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. Alikuwa na msichana ambaye mwanawe anataka kumwoa. "Umuangalie huyu," akamwambia. "Vile njo watu wanapendaka mama mukwe." Msichana alinisalimu kwa heshima, akipiga goti. Wifi alikuwa nyuma yetu. Alisikia, akatupita, akateremka ngazi peke yake.