Timu Inayoshinda Kila Wiki

Jumapili iliyopita nilikuwa gereji moja pale Gerezani, nasubiri gari langu libadilishwe breki za mbele. Kwenye televisheni ya ukutani kulikuwa na mbio za magari, na magari mawili ya timu ileile yalikuwa yanaongoza peke yao.

"Hizi si mbio tena," alisema mzee mmoja, mteja mwenzangu, akinyoosha mkono kuchukua rimoti. "Mshindi tunamjua kabla hawajaanza. Weka mpira, mama."

Fundi, mwanamama mwenye ovaroli ya buluu, aliiwahi rimoti akaitia mfukoni.

"Samahani, mzee wangu. Mimi siangalii nani anashinda, naangalia mafundi wa timu hii wanavyobadili matairi. Wanashinda kila wiki, lakini wanakagua nati kama watu walioanza kazi jana."

Akarudi kwenye gari langu, ambalo fundi mwenzake alishasema liko tayari, akapapasa gurudumu moja moja. Kwenye la nyuma akachuchumaa, kisha akaniita. Paipu ya breki ilikuwa na ufa, inavuja.

"Hii hukuniambia," alisema.

Hata sikujua. Kutoka hapo nilikuwa naenda Upanga kuwachukua wanangu kwa bibi yao. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Mzee naye akaomba gari lake likaguliwe.

Nakubali, timu moja ikitawala, mbio zinapooza. Ila mimi sasa naiombea iendelee kushinda, maana fundi wangu bado anaitazama.